Mguu wa Mwinyi Kondo Ambao Haukuvunjika

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, palikuwa na mkuu wa wezi aliyeitwa Mwinyi Kondo, na mji mzima ulimjua, kuanzia kadhi hadi wachota maji, kwa maana hapakuibwa kitu Mwambakuu bila idhini yake. Mtu akitaka kuiba hata kifuniko cha chungu ilimpasa aende kwanza kwake, apige goti, aseme, "Mwinyi, nina nia ya kifuniko," naye akiridhia humwambia, "Nenda, ila chungu usikiguse." Alikuwa na kiti cha mpingo chenye mgongo mrefu, nacho kilikuwa cha wizi, hilo sina haja ya kulisema. Na kiti kile kilikuwa na sharti moja tu, la tangu enzi za babu zao: mwizi aliyewahi kukamatwa hakikalii. Awe amekamatwa na askari, awe amekamatwa na mwenye nyumba, awe amekamatwa kanzu na msumari, yote mamoja. Mkuu wa wezi sharti awe mtu ambaye hajapata kushikwa na kitu chochote.

Tena wezi wa Mwambakuu hawakuiba usiku. Walisema usiku watu hulala juu ya mali zao na mbwa hawalali kabisa, basi wao waliiba Ijumaa adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini na wanawake wakiwa jikoni uani. Kwamba wao wenyewe hawakuswali, hilo ni lao na Mola wao, mimi simo.

Ikawa Ijumaa moja Mwinyi Kondo akautamani mlango wa Bi Kazija. Bi Kazija alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, lakini marehemu mumewe alimwachia mlango wa nakshi unaotosha jumba la liwali, ukawa mlango ni mkubwa kuliko akili ya nyumba yenyewe. Siku hiyo mama huyo alikwenda kumtazama mzazi aliyejifungua mtaa wa pili. Mwinyi Kondo akasema kazi hii hamtumi mtu, ataifanya mwenyewe, vijana wajifunze. Akasimama mbele ya mlango, mikono ameitandaza, akawaambia, "Mlango haung'olewi kwa nguvu. Mlango hubembelezwa." Basi wakaubembeleza kutoka ndani, na ule mlango, uliokuwa umekaa pale miaka arobaini bila kubembelezwa na mtu, ukakubali mara moja na miimo yake yote. Mwinyi Kondo akawa chini yake, na paja lake likalia kwa sauti iliyosikika mtaa wa tatu.

Wezi wakakimbia kila mtu na njia yake. Akarudi mmoja, naye ni Songoro, makamu wake, akawakusanya wenziwe, wakaona hawana kitanda cha kumbebea bwana wao ila mlango wenyewe. Wakamlaza juu yake, wakamfunika shuka hadi usoni asijulikane, wakaubeba mabegani, wakatoka njia kuu. Na wakati huohuo sala ikaisha, watu wakatoka msikitini.

Sasa desturi ya watu wa Mwambakuu ni hii: jeneza likipita hapana anayelitazama tu. Kila mwanamume hutoa bega, hata kama maiti hamjui, hupokezana hatua chache chache kwa kutafuta thawabu. Basi wakalivamia lile jeneza kwa imani, wezi wakasukumwa pembeni, mlango ukaelea juu ya mabega ya mji mzima. Mmoja akamwuliza Songoro, "Nani aliyetutoka?" Songoro akasema, "Mgeni." "Wa wapi?" "Wa mbali sana." Wakamhurumia mgeni aliyefia mbali na kwao, wakazidi kupokezana, na kila lilipobadilishwa bega mguu wa Mwinyi Kondo uliangukia upande mwingine, naye chini ya shuka anatafuna mkono wa kanzu yake asilie. Walipofika njia panda wakashika njia ya makaburini, na Songoro akahangaika sana kuwaambia kuwa maiti hajaoshwa, hadi wakakubali kumpeleka nyumbani kwanza. Hivyo ndivyo mlango ulivyoibwa na walioibiwa, na shemeji yake Bi Kazija mwenyewe alitoa bega mara mbili.

Huko nyumbani kwa Mwinyi Kondo akaitwa Feruzi. Huyu Feruzi alikuwa mganga wa mifupa, fukara wa kutupwa, na watu walimwona mpumbavu kwa sababu alichoambiwa ndicho alichokishika. Mtu alipata kumwambia, "Ningojee hapa, narudi sasa hivi," akamkuta siku ya pili palepale, amekaa, hana hata kinyongo. Mgonjwa akimwambia, "Fundi, leo sina kitu, Mungu atakulipa," yeye hushukuru, akaenda zake, akamwachia Mungu kazi hiyo. Lakini mikono yake ilikuwa haina mfano. Aliunyosha mguu wa Mwinyi Kondo, akaufunga kwa vibanzi vya mwanzi, akaukanda kwa mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni, na baada ya miezi mitatu mtu akasimama. Alichechemea kidogo, basi.

Na hiyo miezi mitatu, jamani, kiti hakikukaa kitupu. Songoro alikuwa akikikalia, akisema anakitunza tu kisije kikakaliwa na vumbi, na wezi wakapata kuzoea kumpigia goti yeye. Basi siku Mwinyi Kondo aliyotokea barazani, Songoro aliinuka polepole sana, akampisha, kisha akasema kwa adabu zote, "Mwinyi wetu, hatuna shaka nawe. Twauliza tu, tupate elimu. Mtu akilaliwa na mlango, akawa hawezi kujitoa hadi atolewe na watu, huyo amekamatwa au hakukamatwa?"

Wezi wote wakatazama vidole vya miguu yao. Mwinyi Kondo akasema, "Nani amelaliwa na mlango?"

"Twauliza tu, Mwinyi."

"Mimi mguu wangu haujavunjika tangu nizaliwe," akasema Mwinyi Kondo, na ili kuwathibitishia akasimama akatembea hatua nne, na katika hizo nne akachechemea nne. Mtu mmoja akakohoa. Basi Mwinyi Kondo akakasirika, akapitisha amri palepale kwamba neno kuvunjika lisisikike tena Mwambakuu. Na kwa kuwa alikuwa akiogopwa, ikawa kweli: wanawake jikoni wakawa hawavunji kuni, wanazifupisha, na mayai wakayaita yamefunguka. Watu wakipishana naye njiani wakawa wanachechemea wao pia, ili ionekane kuwa ndivyo binadamu anavyotembea. Kadhi mwenyewe alichechemea, nasi tulimstahi.

Lakini Songoro hakutosheka. Akasema, "Mwinyi, maneno yako ni sheria. Ila yupo fundi Feruzi. Aulizwe yeye, tumalize." Feruzi akaitwa, akaja na kikapu chake cha vitambaa, akaulizwa mbele ya wezi wote kama mguu wa Mwinyi Kondo ulipata kuvunjika. Mtu mwenye akili angesema haukupata. Feruzi akainama, akaugusa, akasema, "Ulivunjika pawili, Mwinyi. Hapa, na hapa."

Mwinyi Kondo akaufunika mguu kwa kanzu, akasema, "Ewe Feruzi."

"Labeka, Mwinyi."

"Wewe ndiye uliyeuunga, wewe ndiye ujuaye habari zake. Leo Jumatatu. Nakupa hadi Ijumaa baada ya sala, uufanye mguu huu uwe haukuvunjika. Sikusema upone, umekwisha kupona. Nasema uwe haukuvunjika kamwe, tangu mwanzo. Ukishindwa, nitaivunja yako yote miwili, nawe utajiunga mwenyewe, tuuone huo ufundi wako."

Feruzi akafikiri. "Haya, Mwinyi," akasema. "Ila kazi hii ni kubwa, yahitaji watu."

"Chukua wezi wangu wote. Atakalosema Feruzi hadi Ijumaa, nimelisema mimi. Mmesikia?"

Wakasema wamesikia. Feruzi akaenda zake, na njiani miguu ile iliyokuwa inamsumbua kila siku kwa uchovu akaiona mizuri ajabu. Alikuwa akienda kwa wagonjwa wake kwa miguu, huyu kijiji hiki, yule kijiji kile. Hana punda, hana mtoto wa kumchukua, na miguu ikivunjwa hana namna ya kuishi. Aliogopa, nami simlaumu. Alikaa chini ya ukuta akajishikashika miundi ya miguu, akaulizana na nafsi yake ni vibanzi gani vingemfaa.

Na ukuta ule ulikuwa wa Bi Kazija. Yeye alikuwa ameketi penye uwazi wa mlango wake, ametundika gunia, na mchi mkononi, kwa sababu tangu Ijumaa ile mbuzi wa mtaa mzima waliingia kwake bila hodi. Akamwuliza, "Una nini wewe, mbona umejikunyata?" Feruzi akamweleza yote.

"Mguu uwe haukuvunjika," akasema Bi Kazija. "Ana wazimu. Na mlango wangu nao uwe haukuibwa? Mimi miezi mitatu nalala nusu jicho, nimemfukuza beberu kitandani mwangu kwa mchi, huyo anasikitikia mguu. Mlango ungekuwa hapa ulipokuwa, ungemwangukia nani?"

Feruzi akamwangalia. "Sema tena, Bi Kazija."

"Nasema mlango ungekuwa hapa, ungemwangukia nani?"

"Usingemwangukia mtu," akasema Feruzi, akainuka, akapangusa vumbi. "Ahsante sana, mama."

Jumanne asubuhi akaenda kwa wezi, akawaambia, "Mguu wa Mwinyi haukuvunjika. Kama haukuvunjika, mlango haukuanguka. Kama haukuanguka, umesimama. Na mlango wa Bi Kazija ukisimama husimama kwa Bi Kazija. Ubebeni." Wakabisha kidogo, lakini amri ni amri, wakaubeba. Watu njiani wakaona mlango juu ya mabega, wakadhani ni maiti tena, wakatoa mabega, na hivyo ukarudi kwa thawabu kama ulivyoondoka. Tatizo likawa kuufunga. Wale watu walijua kung'oa milango mia, lakini kufunga hawakupata kufundishwa hata mmoja. Mara ya kwanza wakaufunga juu chini. Mara ya pili wakaufunga nakshi ndani, na Bi Kazija akauliza kama nakshi zake zitatazamwa na paka. Mara ya tatu ukakaa, naye akaufungua akaufunga, akaufungua akaufunga, akalia. Machozi yalimtoka kabisa mbele ya wezi, na wao hawakujua waweke wapi macho.

Wakadhani wamemaliza. Feruzi akasema, "Bado. Hii miezi mitatu, mliiba kwa idhini ya nani?"

"Ya Songoro," wakasema, "kwa kuwa Mwinyi alikuwa mgonjwa."

"Mwinyi hakuwa mgonjwa. Mguu wake ulikuwa mzima. Basi idhini ilikuwa yake, naye hakuitoa. Hamkuiba."

"Fundi, tumeiba. Vitu tunavyo."

"Hamkuiba," akasema Feruzi. "Rudisheni."

Ikawa Jumatano na Alhamisi, mchana kweupe, wezi wa Mwambakuu wanapita nyumba kwa nyumba na mizigo vichwani. "Hodi." "Karibu." "Nimekuletea birika ambalo sikuliiba." Watu wa mji hawakuwa na subira ya kusikiliza falsafa. Aliyeona birika lake mikononi mwa mtu alimshika mtu kwanza, birika baadaye. Huyu akakamatwa ukosi, yule akakamatwa sikio, na mmoja akafungwa kwenye mti wa mfenesi na bibi kizee aliyemwambia atulie, anamalizia kupika. Aliyekuwa amekula jogoo wa watu hakuwa na cha kurudisha, basi Feruzi akamwamuru aende kila alfajiri kwa mwenye jogoo akawike hadi atakapopata mwingine. Akawika alfajiri mbili, na majirani wakasema sauti yake imempita marehemu.

Songoro naye alikuwa amejichukulia kitanda cha besera, chenye nguzo nne na pazia, cha Mzee Hatibu, aliyekuwa askari wa liwali zamani. Akakileta kichwani, jasho linamtiririka. Mzee Hatibu, ambaye miezi mitatu alilala mkekani na mgongo wake wa miaka sabini, akamkumbatia Songoro na kitanda chake pamoja, akapaza sauti mtaa mzima usikie, "Nimemkamata," na hakumwachia hadi alasiri, Feruzi alipokuja kumbembeleza.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala baraza ikajaa: wezi wote, na watu wa mji, na Bi Kazija mbele kabisa. Feruzi akaja amejifunga shuka kiunoni kama mtu wa kazi, akasema, "Mwinyi, mlango uko mahali pake. Mali ziko mahali pake. Mbele ya watu hawa, hakuna kilichoibwa wala kilichoanguka. Umebaki mguu tu. Nauomba."

Mwinyi Kondo akaunyosha mguu kwa furaha. "Utaufanya nini?"

"Mguu usiovunjika hauungwi. Nami niliuunga. Basi nausihi uungaji wangu urudi kwangu." Akawageukia vijana wanne wenye nguvu. "Wawili shikeni mabega, wawili shikeni kiuno. Nitauvuta hapa na hapa, nirudishe goti litazame nyuma kama nilivyolikuta siku ile."

"Utakuwa umevunjika," akasema Mwinyi Kondo.

"Kwa muda mfupi tu, Mwinyi. Mambo tunayarudisha nyuma, na nyuma hakurukwi hatua. Nikimaliza hapa tutakubeba juu ya mabega ya watu, ukiwa umefunikwa shuka, hadi kwa Bi Kazija. Mlango tutauangusha juu yako, halafu tutauinua, kwa kuwa siku ile ulianguka basi leo uondoke. Hapo utasimama na mguu haujavunjika hata mara moja. Shikeni vizuri, vijana, asije akajiumiza."

Vijana wakashika. Feruzi akapaka viganja mafuta. Na Mwinyi Kondo, aliyekuwa akiogopwa na mji mzima, akahisi vidole vile kwenye paja lake, vilevile vya miezi mitatu iliyopita, akakumbuka shuka, akakumbuka mabega, akakumbuka njia ya makaburini, na uso ukamgeuka majivu.

"Basi," akasema. "Basi, Feruzi. Ulivunjika."

"Sikusikia, Mwinyi."

"Ulivunjika. Ulivunjika pawili, hapa na hapa. Niliangukiwa na mlango wa mwanamke mjane, nikalia ndani ya kanzu yangu hadi nikaila. Niacheni, jamani, niacheni mguu wangu."

Vijana wakamwachia. Akakaa anatweta, na kimya kikawa kirefu. Songoro ndiye aliyekivunja, na baada ya wiki nzima neno hilo sasa laruhusiwa. Akapiga hatua mbele, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, akasema, "Mmesikia wenyewe. Alikamatwa na mlango, naye kakiri. Sheria ya babu zetu haina upendeleo. Kiti hiki sasa ni changu."

Feruzi akakuna kichwa. "Na sheria yasemaje, bwana Songoro, maana mimi si mwizi?"

"Mwizi aliyewahi kukamatwa hakikalii."

"Aha," akasema Feruzi. "Basi nilikosea juzi. Nilipokuta Mzee Hatibu amekushika hadi alasiri, nilidhani umekamatwa."

Watu wa mji wakaanza. Mmoja akasema, "Mimi nilimshika yule pale." Mwingine akasema, "Na mimi yule mwenye kofia." Bibi kizee akasema wa kwake alikuwa wa mfenesi, tena alimpa na uji. Wakawahesabu mmoja mmoja, na katika wezi wote wa Mwambakuu hakubaki hata mmoja ambaye wiki ile hakushikwa ukosi, sikio, kiuno, au kitanda na mwili pamoja. Songoro akaondoa mkono wake kitini, taratibu, na akili ikamwingia kuwa kiti hakina mtu tena.

Hapo Mwinyi Kondo akaanza kucheka. Alianza puani, ikashuka kifuani, akacheka hadi mguu ukamuuma, akaushika mguu akazidi kucheka, na wezi wakacheka naye kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine, na Bi Kazija akacheka hadi akafunga kanga upya. Hakuna mtu Mwambakuu aliyeomba tena idhini ya kifuniko cha chungu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwomba, na bila idhini wezi wale waliona haya kuiba.

Alipopata pumzi Mwinyi Kondo akapangusa macho, akasema, "Ewe Feruzi, umeniaibisha mbele ya watu wangu, umenivunjia ukoo wa wezi wa miaka mia, na mguu wangu haukuwa kama nilivyokuagiza. Lakini sijacheka namna hii tangu nizaliwe. Omba utakalo, nitakupa."

Feruzi akafikiri sana, maana aliulizwa. "Nataka miguu yangu miwili, Mwinyi."

"Unayo."

"Basi nimekwisha kupewa," akasema Feruzi, akamshukuru, akachukua kikapu chake. Akaondoka nayo yote miwili, anatembea katikati ya njia, hachechemei hata kidogo, na watu wakampisha. Nami hadithi nilipewa nifike nayo hapa, na hapa nimefika.